Ufa wa Hiari

Kufunga kitu kisifunguke tena ni kazi nyepesi. Kufunga kitu ambacho kitafunguliwa kesho, na kesho kutwa, na kila siku ya mwaka, na kila kikifungwa kiwe imara kama siku ya kwanza, ni kazi nyingine kabisa. Kazi ya kwanza yahitaji gundi, misumari au lakiri. Kazi ya pili yahitaji fikira. Katika insha hii nakusudia kuieleza kazi ya pili kwa mfano wa kitu kidogo: kasha lisiloingia maji, ambalo mwenyewe hulifungua mara nyingi kwa siku. Yamkini msomaji ataona kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Namwomba awe na subira, kwani udogo wa jambo si kipimo cha hasara yake.

Watu wa pwani waliijua kazi ya kwanza tangu zamani. Fundi wa majahazi akisha kuunganisha mbao, hutia kalafati. Huchukua nyuzi za pamba zilizorowekwa katika mafuta, akazishindilia kwa patasi na nyundo katika kila mwanya ulio kati ya ubao na ubao. Kisha sehemu ya chini ya chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Chombo kikishushwa majini, mbao hunywa maji, huvimba, na kuvimba kwake huzidi kuibana pamba. Tazama hekima iliyomo: adui ameajiriwa kuwa kibarua. Maji yaliyotaka kuingia ndiyo yanayosaidia kuufunga mlango.

Lakini kalafati ni dawa ya kiungo kisichofunguliwa. Hakuna nahodha anayeufungua ubavu wa jahazi lake kila asubuhi ili atoe kiberiti. Wazee walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno yao ni ya kweli. Walakini ufa waliousema ni ule uliokuja wenyewe, ambao huzibwa mara moja ukasahauliwa. Kifuniko ni ufa wa namna nyingine. Ni ufa tulioukata kwa hiari yetu, kwa kuwa tunauhitaji. Hatuwezi kuuziba, maana tukiuziba kasha halina kazi. Wala hatuwezi kuuacha, maana tukiuacha kasha halina faida. Basi yatupasa kuishi nao, na kuishi na ufa ni elimu.

Nilianza kulifikiri jambo hili kwa makini mwaka 2018, kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye ni nahodha wa mashua ya uvuvi kusini mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Kama wenzake wengi, alikuwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, ambayo zamani ilikuwa ya rangi ya nyumba. Ndani yake alitia simu, tochi, kiberiti, dawa na karatasi zake za leseni. Katika msimu wa kusi wa mwaka ule mashine ya mashua ilizimika usiku, mbali na nchi kavu. Alipoifungua ndoo ili apige simu kuomba msaada, aliikuta simu imelala katika maji ya kina cha vidole viwili. Tochi nayo haikuwaka. Watu watatu walichukuliwa na mkondo usiku ule, na mchana uliofuata, na usiku wa pili, wakigawana ndizi chache na kupimiana maji ya kunywa kwa kifuniko cha chupa, mpaka jahazi la mizigo lilipowaona alfajiri. Walirudi wote watatu wakiwa hai. Hata hivyo yule mdogo wao, kijana wa miaka kumi na tisa, hakutaka tena kuingia baharini.

Tulipokwenda kumpa pole nilimwuliza, "Mjomba, ndoo ilipinduka?"

"La, Mwalimu," akajibu, kwani tangu nilipohitimu chuo cha ualimu haniiti tena kwa jina langu. "Haikupinduka wala haikutoboka. Ingetoboka ningejua. Ndoo ile haikuingia maji usiku ule. Iliingia kidogo kidogo, kila tulipoifungua."

Sijapata kusikia maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo. Nilirudi shuleni nikalitoa swali kwa wanafunzi wa chama cha sayansi: tufanye nini ili kasha lifunguliwe mara ishirini kwa siku katikati ya bahari, na vilivyomo visilowe? Tulishughulika nalo kwa mihula miwili. Nitayataja tuliyojifunza, si kwa sababu ni mapya ulimwenguni, bali kwa sababu kila moja lina sababu yake, na sababu ndiyo inayogeuza ufundi kuwa maarifa.

Jambo la kwanza ni mpira wenyewe. Kati ya kifuniko na kasha hutiwa ukanda au pete ya mpira, ambayo mafundi huiita gasketi. Watu wengi hudhani kwamba mpira huzuia maji kwa sababu ni laini. Ulaini hautoshi. Udongo wa mfinyanzi ni laini pia. Ukiubana hujaza mwanya vizuri, lakini ukiufungua hubaki na alama, na ukiufunga tena alama hazikutani. Sifa ya mpira ni kwamba hubonyea, kisha hurudi. Kifuniko hakiko sawa kabisa. Hupinda kidogo, hupanuka juani, hutikiswa na mawimbi. Mpira huufuata mwanya unapotanuka na kuuridhia unapofinyika. Mpira usiorudi hauna tofauti na udongo.

Sifa hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alisajili uvumbuzi wa kitambaa cha kuzuia mvua kilichotiwa mpira ndani yake, lakini mpira wa wakati ule ulinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huacha kunata, na huhifadhi tabia yake ya kubonyea na kurudi. Ugunduzi huo uliwatajirisha watu wengi. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni. Hata hivyo mpira huo haukupewa nguvu zisizo na mwisho. Ukibanwa kwa muda mrefu husahau umbo lake, ukipigwa na jua aghalabu hupasuka, na ukiwa baridi sana hukawia kurudi.

Kukawia huko kumewahi kuua. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kiliruka kutoka Florida asubuhi ya baridi, wakati joto la hewa lilikuwa karibu nyuzi 2 za Selsiasi. Baada ya sekunde 73 kilivunjika angani, na watu wote saba waliokuwamo walikufa. Mmoja wao alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa shule ya sekondari aliyekuwa amechaguliwa kwenda kuwafundisha wanafunzi kutoka angani. Kwa hiyo mimi siwezi kulisoma tukio hilo kwa moyo mtulivu. Katika viungo vya roketi zilizokisukuma chombo hicho mlikuwa na pete za mpira. Roketi zilipowashwa, viungo vilitanuka kidogo, na katika kiungo kimoja cha roketi ya kulia mpira uliopoa haukuwahi kuufuata mwanya. Moto ukapenya. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia kwamba baridi ingeudhuru mpira, wasisikilizwe. Katika uchunguzi uliofuata, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana kwa kibano, akakitia katika glasi ya maji ya barafu mbele ya hadhara. Alipokitoa na kukifungua, mpira haukuinuka upesi. Jaribio hilo lilihitaji glasi, barafu na kibano tu. Roketi ilikuwa kubwa. Jambo lililoiangusha lilitosha kuingia katika glasi.

Bahari yetu haina baridi ya namna hiyo, lakini ina jua na chumvi. Tulijifunza kwamba mipira yote si ndugu. Mpira wa nitraili, unaopendwa katika mashine kwa kuwa hauharibiwi na mafuta, hupasuka ukikaa juani. Mpira wa silikoni huvumilia jua na joto, ingawa huchanika kwa wepesi ukikwaruzwa. Kila sifa ina bei yake. Sisi tulichagua silikoni, tukaazimia kuuficha mahali ambapo kisu na ndoana haziufikii.

Jambo la pili ni nafasi. Mpira ukibanwa haupungui. Hubadili umbo tu. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kifutio chako juu ya dawati: kinapofinyika kutoka juu, hutokeza ubavuni. Kwa hiyo mfuo ambamo mpira hulazwa lazima uwe na nafasi ya ziada, ili mpira upate pa kwenda. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani mwaka 1891, alipata mwaka 1939 haki ya uvumbuzi wa pete ya mpira iliyolazwa katika mfuo wa namna hiyo, na leo kila fundi wa magari anaijua kwa jina la oringi. Katika kiungo kisichosogea, pete hiyo kwa kawaida hubanwa kati ya asilimia 15 na 30 ya unene wake. Ikibanwa kidogo mno huacha mianya. Ikibanwa kupita kiasi hulemaa mapema. Vilevile mpira mgumu uliojaa huhitaji nguvu nyingi kuubonyeza, na ukizunguka kifuniko chote, kukifunga kutakuwa kazi ya watu wawili. Ndiyo sababu milango ya magari hutiwa mpira wenye uwazi ndani kama mrija. Mlango hufungwa kwa mkono mmoja, na mvua haiingii. Sisi nasi tukatafuta mrija wa silikoni.

Kabla hatujakata kitu chochote nilimleta mjomba shuleni. Wanafunzi walisimama wakamwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akawaitikia, akaketi mbele yao, akaitazama michoro yao kwa adabu. Kisha akasema, "Wanangu, mkono wangu mmoja uko kwenye usukani. Mkono wa pili umelowa, una magamba ya samaki, na ni usiku. Nitengenezeeni kasha la mkono huo."

Mvulana mmoja akamweleza kwamba kifuniko chenye skrubu sita kingebana vizuri zaidi kuliko chenye vibano viwili. Mjomba akacheka. "Sita nitazikaza siku ya kwanza," akasema. "Siku ya tatu nitakaza mbili."

Hilo ndilo jambo la tatu, nalo halimo katika vitabu vya fizikia. Kifuniko kigumu kufungwa hufungwa nusu. Ubora wa mpira, usahihi wa mfuo na uimara wa kasha havina maana ikiwa mtu aliyechoka atakirudisha kifuniko pasipo kukibana. Mvumbuzi hana ruhusa ya kumlaumu mtu huyo. Uchovu wake, giza lake na haraka yake vilijulikana kabla ya kasha kutengenezwa. Ni sehemu ya hesabu, kama vile chumvi na jua. Basi tukachagua vibano viwili vya wenzo, tukavitia upande mmoja mrefu, tukakifanya kifuniko kuwa kinene ili kisipinde katikati yao. Kibano kikishika hulia "ta!" na mkono husikia mshtuko mdogo, hata masikio yakiwa yamejaa upepo. Upande wa pili tuliziacha bawaba ziwe na ulegevu kidogo, kwa sababu kifuniko chenye bawaba iliyokaza huubana mpira wa nyuma kabla ya wa mbele, ukaumia upande mmoja na kulala njaa upande wa pili.

Wepesi wa kufunga nao una sharti lake. Zamani majokofu ya Marekani yalifungwa kwa makomeo yasiyoweza kufunguliwa kutoka ndani, na watoto waliojificha humo katika michezo walikosa hewa wakafa. Mwaka 1956 ilitungwa sheria nchini humo kwamba kila jokofu la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani, nayo ikaanza kutumika mwaka 1958. Badala ya makomeo ukaenea ule mpira wenye sumaku ndani yake, unaouona leo ukingoni mwa mlango wa jokofu lolote. Hushika wenyewe, hubana pande zote kwa nguvu iliyo sawa, na huachia ukisukumwa. Watu waliotakiwa kulinda maisha ya watoto walijikuta wamepata pia njia bora ya kufunga mlango.

Jambo la nne alituonyesha msichana wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. Alisema, "Mwalimu, nyumba ya bibi ni ya makuti. Haina mpira hata mmoja, na mvua haituingilii. Mbona kasha letu halina upenu?"

Darasa lilinyamaza, kisha likacheka kwa furaha, maana kila mmoja aliona kwamba jibu lilikuwa juu ya kichwa chake tangu alipozaliwa. Tulikipa kifuniko ukingo unaoshuka nje ya kasha kwa sentimita tatu. Maji yanayomwagika juu yake huteleza na kudondoka kabla ya kuufikia mpira. Kwa njia hiyo mpira huwa mlinzi wa pili badala ya wa kwanza, na mlinzi asiyepigana kila dakika huishi zaidi. Upenu huo ulitufumbulia pia siri ya ndoo ya mjomba. Kifuniko cha ndoo kilikuwa na mtaro mdogo kuzunguka ukingo wake, na maji ya mawimbi yalikaa humo. Kila kilipoinuliwa, maji hayo yalimiminika ndani. Ndoo ilizuia maji vizuri ilipokuwa imefungwa. Ililowesha vitu kwa sababu ya kufunguliwa. Mjomba alikuwa amesema kweli.

Tena tuliulaza mpira katika kifuniko ukitazama chini, wala si katika mdomo wa kasha ukitazama juu. Kitazamacho juu hupokea mchanga, magamba na nyuzi za nyavu, na unywele mmoja uliolala juu ya mpira ni daraja la kutosha kwa tone la maji. Mdomo wa kasha tuliufanya mwembamba, maana uchafu haupati pa kukaa juu ya ukingo mwembamba. Zile ncha mbili za mrija tulizikutanisha katika upande ulionyooka, kwa kuwa pembeni mpira hupindwa, na kiungo kilichopindwa hufunguka.

Jambo la tano ni la ajabu kuliko yote, kwa sababu huyaita maji ndani. Fikiri kwamba kasha limefunguliwa saa saba mchana likiwa juani, na hewa iliyomo ina joto la nyuzi 50. Nahodha analifunga. Papo hapo wimbi lenye nyuzi 27 linalipiga na kulipoza. Hewa iliyofungiwa ikipoa, shinikizo lake hupungua. Tumia sheria uliyofundishwa, ukihesabu joto kwa kipimo cha Kelvin: hewa yote ikipoa, 323 hushuka hadi 300, yaani shinikizo hupungua kwa asilimia 7 hivi. Asilimia 7 ya shinikizo la hewa ya pwani ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha sentimita 70 hivi. Kwa maneno mengine, kasha lililokaa juu ya mashua, lisilozama hata kidogo, huyafyonza maji kana kwamba limezamishwa sentimita 70 chini ya bahari. Ndiyo maana vyombo vingi vya umeme vinavyokaa nje hutiwa tundu dogo lililofunikwa kwa utando unaopitisha hewa na kuzuia matone. Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa kwa ghafla hujaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na utando wa plastiki hiyo hutumika katika kazi hii. Sisi hatukuwa nao. Tulilipaka kasha rangi nyeupe, tukamwomba mjomba aliweke chini ya kivuli cha tanga, ili lisipate joto kali.

Isitoshe, kila kifuniko kinapofunguliwa hewa ya bahari huingia, nayo haiji mikono mitupu. Lita 10 za hewa yenye nyuzi 30 na unyevu mwingi huchukua kama robo ya gramu ya maji, yaani matone kama matano yaliyojificha katika mvuke. Usiku ukipoa, sehemu ya mvuke huo hugeuka umande ndani ya kasha lililofungwa barabara. Haba na haba hujaza kibaba. Mama zetu, ambao hutia punje za mchele katika chupa ya chumvi, walikwisha kulijibu swali hili. Tuliwaiga kwa kutia mfuko mdogo wa punje za silika, ambazo zikishiba unyevu huweza kukaushwa kwa joto la jiko na kutumika tena.

Ukabaki mtihani. Bila shaka umeona, katika maelezo ya simu au saa, herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili, kama vile 67. Hicho ni kipimo cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na ya pili ni ya maji. Sita maana yake vumbi haliingii; saba maana yake kifaa kilizamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia kwa kiasi cha kudhuru. Kipimo hicho ni kizuri, lakini mtu mwerevu husoma ahadi yake neno kwa neno. Maji ya mtihani huo hayana chumvi, yametulia, na kifaa ni kipya. Hakuna ahadi yoyote juu ya siku ambayo kifuniko kitafungwa kwa mara ya mia tano.

Kwa hiyo tulijiwekea mtihani wetu. Wanafunzi walilifungua na kulifunga kasha kwa zamu, mara mia tano, mikono yao ikiwa imelowa maji ya bahari na kushika mchanga. Kisha tulitandaza karatasi nyeusi ndani yake, tukanyunyiza unga wa chaki juu ya karatasi, maana tone moja likidondoka juu ya unga huo huacha alama isiyofichika. Tukalizamisha kasha katika pipa la maji kwa kulilemeza na jiwe, tukaliacha kwa nusu saa. Tulipolitoa tulilipangusa, tukalifungua taratibu. Unga ulikuwa mkavu. Nimeona wanafunzi wakishangilia mabao na matokeo ya mitihani. Sijawaona wakishangilia kama walivyoushangilia unga ule wa chaki.

Kasha lile liliingia baharini mwaka 2019. Tangu wakati huo mpira wake umebadilishwa mara nne, na mjomba huzitaja mara hizo bila kulalamika, kama mtu anavyotaja viatu vya watoto wake. Kila akirudi pwani huuosha mpira kwa maji yasiyo na chumvi, huupitisha kidole kuzunguka pande zote akitafuta mchanga na mpasuko, kisha huacha vibano wazi mpaka safari nyingine, ili mpira upumzike na usisahau umbo lake. Hakuna aliyemfundisha kuacha vibano wazi. Alisikia habari ya mpira unaolemaa kwa kubanwa daima, akafanya hesabu yake mwenyewe.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi, baadhi yenu mtakuwa mafundi na wahandisi, na wengine mtakuwa watu wa kazi nyingine. Nawaombeni nyote mchukue hapa jambo moja. Twapenda kusifu vitu visivyochakaa, lakini maisha yetu mengi yamo mikononi mwa vitu vilivyowekwa vichakae kwa niaba ya vingine. Mpira wa kifuniko ni wa bei ndogo. Simu, dawa na uhai wa mtu ni vya bei kubwa. Aliyeutengeneza vizuri alikubali tangu mwanzo kwamba utakwisha, akaufanya uwe rahisi kuonekana unapokwisha na rahisi kubadilishwa. Kuficha udhaifu wa kitu ni hila ya mwuzaji. Kuuweka mahali ambapo mwenye kitu anaweza kuuona kwa macho na kuugusa kwa kidole ndiko kumheshimu.

Basi utakapopewa kazi ya kufunga kitu, kiwe kasha, mlango, kisima au ghala, usianze kwa kuuliza kitu hicho kitahimili nguvu kiasi gani. Uliza kwanza ni nani atakayekifungua, kwa mkono gani, saa ngapi, na mara ngapi kwa siku. Ukipata majibu hayo kwa ukamilifu, mpira utauchagua bila taabu. Nyumbani kwenu mna vifuniko vingi: vya mitungi, vya mikebe, vya chupa za dawa, vya matangi ya maji. Leo jioni fungua kimoja, upitishe kidole ukingoni mwake, ukakisome.